Mpini wa Cheche, Bapa la Msasa

Ugomvi ulianza kwa sifa. Mpishi wa hoteli alikuja kuchukua kisu chake, akakifungua kwenye kitambaa, akakishika, akafumba macho. Alikuwa mwanamke mpana wa mabega, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuamrisha jiko zima, na si mwepesi wa kusifia. Akakigeuzageuza kisu mkononi, akasema:

"Mpini huu! Jamani, mpini huu! Mtu anaweza kulala nao."

Akashukuru, akaenda zake.

Cheche alibaki amesimama kando ya fuawe, nyundo mkononi, kama mtu aliyesahauliwa kituoni. Yeye ndiye aliyefua bapa la kisu kile. Alilipiga, akalichoma, akalizamisha kwenye mafuta, akalinoa mpaka likawa linanyoa nywele za mkono, na kweli nywele za mkono wake wa kushoto zilikuwa zimekwisha kwa sababu ya kujaribia. Jina la Cheche alipewa kwa ajili ya cheche za tanuri lake, ingawa mkewe alikuwa na maelezo mengine.

Upande wa pili wa karakana, chini ya dirisha, alikaa shemeji yake, mdogo wa mkewe, kapera, ambaye mtaa mzima ulimwita Msasa. Zamani alikuwa seremala wa vitanda na kabati, akaviacha kwa sababu, alivyosema mwenyewe, kabati huwezi kulipapasa lote kwa mkono mmoja. Sasa alitengeneza mipini tu. Alikuwa na karatasi za msasa za kila aina, kutoka zile zinazokwaruza kama ulimi wa paka mpaka zile laini zisizotofautiana na karatasi ya kuandikia, na hata akikaa mezani anakula, kidole gumba chake kilikuwa kinasugua ukingo wa meza.

"Umemsikia?" Cheche aliuliza.

"Nimemsikia," Msasa alijibu, akipuliza unga wa mbao. Alijitahidi kutotabasamu, lakini tabasamu lilimtoka hivyo hivyo.

"Hakusema neno juu ya bapa."

"Labda alipitiwa."

"Alipitiwa! Kisu ukikitoa bapa, kinabaki nini?"

"Unabaki mpini mzuri," alisema Msasa.

Alikusudia utani. Haukupokelewa kama utani.

"Mpini ni kishikio tu!" Cheche alifoka. "Hata gunzi la hindi linaweza kuwa mpini!"

"Na bapa ni chuma kilichochongwa upande mmoja. Hata mfuniko wa kopo unakata, muulize aliyewahi kufungua dagaa."

Hapo maji yakawa yamemwagika. Jioni hiyo hiyo Cheche alitafuta bamba la plaiwudi, akaligongomea katikati ya karakana kutoka sakafuni mpaka darini, tanuri huku, benchi kule. Alipomaliza kugongomea, akagundua kwamba mlango umebaki upande wake na dirisha upande wa shemeji yake. Akafurahi. Msasa naye hakutaka kuomba mlango, akaweka kigoda chini ya dirisha, na tangu siku hiyo akawa anakwenda kazini kwa dirisha, mguu mmoja kwanza, kama mwizi mwenye ratiba.

Aliyeumia zaidi ni mke wa Cheche. Huyu alikuwa fundi cherehani, na wateja wake walimwita Mama Sindano. Watoto wake walikuwa wameshakua na kwenda kwao, naye alidhani kazi ya kuamua kesi za watoto imekwisha. Cherehani yake ilikuwa kwenye chumba cha mbele kinachotazama uani, mkabala na karakana, kwa hiyo kila mmoja wa wale wawili alimwona, na kila mmoja alimgeuza simu.

"Mwambie kaka yako apunguze vumbi," Cheche alisema mlangoni.

"Dada, mwambie mumeo vumbi halijui plaiwudi," Msasa alijibu dirishani, hata kabla Mama Sindano hajainua kichwa.

"Mwambie nimemsikia!"

"Mwambie na mimi nimesikia kwamba amenisikia!"

"Mimi nashona," Mama Sindano alisema, akakanyaga cherehani kwa nguvu mpaka uzi ukakatika.

Siku chache baadaye mpishi alirudi. Alikuwa anaacha kazi hotelini kufungua mgahawa wake mwenyewe, karibu na stendi, na alitaka Mama Sindano amshonee mapazia na aproni. Walipokwisha kupima vitambaa, mpishi alisema anataka na kisu kimoja kikubwa, cha kwake, kisicho na nembo ya hoteli wala historia ya mtu mwingine.

"Nenda kawaambie wenyewe," Mama Sindano alisema, kwa kuwa alikuwa amechoka kupeleka maneno.

Mpishi akaenda mlangoni. Cheche akamwambia, "Utapata kisu, mama, tena kizima, kutoka mkononi mwangu mwanzo mwisho." Mpishi akapita dirishani. Msasa akatoa kichwa, akamwambia, "Kisu hicho niachie mimi. Chote. Usiwe na shaka." Mpishi akadhani ni ahadi moja iliyosemwa na watu wawili, akafurahi kuona mafundi wanaopenda kazi hivyo, akapanda zake pikipiki.

Kwa hiyo kila mmoja alijikuta ameahidi kitu asichokijua.

Cheche alianza kwa majivuno. Bapa lilikuwa rahisi kwake. Alifua moja safi sana, na msuka wake, ile sehemu ya nyuma inayofunikwa na mpini, akautoboa matundu ya pini za shaba kabla ya kuugumisha, maana chuma kikishagumishwa hakitobolewi bila kuvunja keekee na moyo. Kisha akahitaji mbao. Akatoka nje, akakata tawi la mpera uani, akalipasua vipande viwili, akaviona vizuri. Vilikuwa vibichi kiasi kwamba kimoja kilikuwa na jani. Akavitoboa kwa kukadiria kwa jicho. Matundu ya mbao na matundu ya chuma yalipokutana, hayakutambuana kabisa. Akayapanua. Yakatambuana kidogo. Akayapanua tena, mpaka pini zikawa zinaingia na kutoka zenyewe kama wageni.

"Gundi itaziba," alijiambia.

Gundi yenyewe ilikuwa ile ya kuchanganya, mirija miwili, ya dawa na ya kukazia. Maelezo yalisema kiasi sawa. Cheche hakuwa mtu wa kiasi sawa. Alifikiri ya kukazia ikizidi, kazi itakaza zaidi. Akapaka, akafunika, akabana kwenye jiliwa kwa nguvu zake zote, na gundi yote ikachuruzika nje. Akasimama pale, mkono wa shati lake zuri la vifungo vya mifupa ukiwa umeingia kati ya mbao na chuma, akaanza kupiga mluzi. Alipotaka kwenda kunywa maji, hakwenda.

"Mke wangu!" aliita. "Njoo na mkasi. Usimwambie mtu."

Mama Sindano alikuja, akatazama. Mume wake alikuwa ameshikamana na kisu, kisu kimeshikamana na jiliwa, jiliwa limefungwa kwenye meza. Nyuma ya plaiwudi palikuwa kimya, kimya cha mtu aliyebana pumzi ili asikie vizuri.

"Shati hili nililishona mwenyewe," Mama Sindano alisema.

"Najua."

"Kola niliirudia."

"Kata, mama, kata."

Akakata. Kuanzia siku ile mpini ule ukawa na kipande cha kitambaa cha mistari kinachochungulia pembeni, na Cheche alipousugua kwa msasa, kitambaa kikawa kinatoa nyuzi. Hatimaye akasema ni urembo.

Upande wa pili, Msasa naye alikuwa na majanga yake. Mpini wa kisu chake ulikwisha kwa asubuhi moja, mweusi, laini, wenye kiuno kama chupa ya manukato. Kilichobaki ni bapa. Akapata kipande cha springi ya gari kwa muuza vyuma, akaazima jiko la mkaa la dada yake na mashine yake ya kukaushia nywele, akaelekeza upepo kwenye mkaa. Moto ukawaka vizuri. Kwa imani yake, chuma kikizidi kuwa chekundu kinazidi kuwa kizuri, basi akakiacha mpaka kikawa cheupe na kuanza kumwaga vimulimuli. Akakipiga, akakichonga, akakirudisha motoni, halafu akakizamisha kwenye ndoo ya maji baridi.

Kikasema, "Tii!"

Msasa akakitoa. Kilikuwa na ufa kutoka mgongoni mpaka kwenye makali. Mlio ule Cheche aliusikia. Hakuna mlio aliojua vizuri kuliko ule. Akaweka chini kazi yake, akaketi, akatabasamu peke yake kwa muda mrefu.

Hapo ndipo kila mmoja alipogundua kwamba anahitaji kujua jambo ambalo mwenzake analijua. Kuuliza, hapana. Lakini udadisi si kosa.

"Mke wangu," Cheche alisema huku anakunywa chai, akitazama dari, "hebu muulize kaka yako. Si kwa ajili yangu, ni udadisi tu. Mtu akitaka mbao ishike kwenye chuma, anafanyaje?"

Mama Sindano akavuka ua. Msasa, aliyekuwa na hamu ya kuulizwa kuliko ya kula, akamweleza yote: mbao iwe imekauka miezi mingi, chuma kikwaruzwe kwanza kwa msasa mnene, kipanguswe kwa spiriti, kisiguswe tena na kidole chenye mafuta, ubane kiasi tu, maana ukikaza sana gundi yote inakimbia na mbao inabaki na njaa, na matundu hayakadiriwi kwa jicho, unaweka bapa juu ya ubao wa kwanza, unatoboa kwa kupitia matundu ya chuma, unachomeka pini, ndipo unaweka ubao wa pili.

"Lakini mwambie hivi tu," Msasa alimaliza. "Mwambie anafanya kwa uangalifu."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Na wewe, dada, hebu muulize mumeo, udadisi tu, chuma kinajulikanaje kama kimeiva?"

Akavuka ua tena. Cheche naye alikuwa na hamu. Akamweleza kwamba unakuwa na sumaku kando, na chuma kikifika mahali sumaku haikishiki tena, ndipo kimeiva, si zaidi; unakizamisha kwenye mafuta ya vuguvugu, si maji, tena ncha kwanza, wima, bila kukitikisa pembeni; halafu hapo kinakuwa kigumu lakini kinavunjika kama kioo, kwa hiyo unakisugua king'ae, unakioka polepole mpaka kipate rangi ya majani makavu, unakitoa hapo hapo, kabla hakijafika bluu.

"Nimwambie yote hayo?"

"Mwambie kinaiva kikiiva."

Ikawa hivyo. Kila siku maswali yalivuka ua yakiwa mazima, na majibu yakarudi yakiwa mifupa mitupu, na nyama yote ikabaki kwa Mama Sindano. Hakuomba kuelimishwa. Alikuwa amesimama tu katikati.

Msasa alijaribu tena. Safari hii, katika mifupa ya majibu, alikuwa amepata neno mafuta, akayatia kwenye karai, mafuta ya kupikia ya dada yake, chupa nzima. Chuma chekundu kilipozama, harufu ya kukaanga ikajaa mtaa, na jirani mmoja akapita mara mbili mlangoni akiwa na sahani, akijifanya anatafuta kuku wake. Bapa halikupasuka. Lilipinda kama ndizi. Akalinyoosha, akalirudia, likanyooka, kisha akalitia kwenye majivu ya moto likapumzike wakati anasugua mpini. Mpini ulimnogea. Alipokumbuka bapa, lilikuwa limepita rangi ya majani makavu, likapita bluu, likawa kijivu kama jivu lenyewe.

"Kijivu ni rangi nzuri," alisema, akaligundisha.

Cheche wakati huo alikuwa kwenye mafuta ya kitani, yale ya kung'arisha mbao. Alikuwa amemwona shemeji yake miaka yote akipaka mafuta hayo kidogokidogo kwa kitambaa, anafuta, anasubiri, anarudia, na siku zote alimwona mtu wa kupoteza muda. Yeye akamimina. Mpini ukanywa, ukakataa, ukabaki umelowa na kunata. Akaufuta kwa matambara, mengi, yale ya mabaki ya mapazia ya mpishi, akayakunja yote mviringo, akayashindilia kwenye ndoo chini ya meza, jua likiipiga kutoka mlangoni.

Mama Sindano alikuwa ameenda sokoni kununua uzi. Cheche alikuwa ameinamia mpini wake, akijaribu kung'oa nyuzi. Msasa ndiye aliyesikia harufu kwanza. Akainuka, akanusa. Halikuwa tanuri; tanuri lilikuwa limezimwa. Akaona moshi unapenya chini ya plaiwudi.

"Shemeji!" alipiga kelele. "Matambara yako yanaungua!"

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita moja kwa moja tangu plaiwudi igongomewe. Cheche hakuinua hata kichwa.

"Mwambie kaka yako sijamsikia," alisema.

"Dada hayupo! Ndoo, shemeji, ndoo!"

"Mwambie nikitaka ushauri nitaomba."

"Unaongea na nani? Geuka nyuma!"

Cheche akageuka. Ndoo ilikuwa inatoa moshi kama bomba la kiwanda, halafu, mbele ya macho yake, bila kiberiti, bila mtu, ikawaka. Cheche aliyecheza na moto maisha yake yote akaruka juu ya fuawe. Hakuwahi kuona moto uliojiwasha wenyewe. Plaiwudi ikatoa mlio, mguu wa Msasa ukatokea, kisha goti, kisha Msasa mzima na ndoo ya maji aliyozamishia kile chuma cha kwanza. Maji yakaenda nusu motoni, nusu kwa Cheche. Kwa namna alivyolenga, haikuwa rahisi kusema kipi kilikuwa shabaha.

Moto ukazima. Wakasimama wakitazamana kupitia moshi, mmoja amelowa, mwingine suruali imechanika gotini.

"Mafuta ya kitani yanapokauka yanatoa joto," Msasa alisema taratibu. "Ukikunja tambara, joto linakosa pa kutokea. Ndiyo maana mimi natandaza yangu kwenye waya."

"Nilidhani ni ubahili," Cheche alisema.

Walikuwa karibu kabisa kupatana. Ilikosekana dakika moja tu. Lakini macho ya Msasa yakaanguka juu ya ule mpini wa mpera wenye kitambaa cha mistari, na kabla hajajizuia akacheka. Cheche akaning'iniza gunia kwenye tundu la plaiwudi, na Mama Sindano aliporudi alipokelewa na mume anayedondosha maji.

"Mwambie kaka yako ahsante," alisema. "Lakini usiitie chumvi."

Mama Sindano aliingia jikoni. Kulikuwa na kitunguu cha kukatwa. Kisu chake, yeye mke wa mfua visu na dada wa mtengeneza mipini, kilikuwa kipande cha msumeno kilichofungwa mpira wa baiskeli. Alikuwa ameomba kisu tangu wana wao wanatambaa, na jibu lilikuwa wiki ijayo. Alipobonyeza, mpira ukateleza, kitunguu kikaruka dirishani, na Mama Sindano akabaki anatazama mahali kilipokuwa.

Akafuta mikono, akatoka. Kwenye kopo la makosa la mumewe akaokota bapa lililotupwa kwa sababu ya mkwaruzo ambao Cheche peke yake ndiye aliyeweza kuuona. Lilikuwa gumu tayari na limetobolewa tayari. Kwenye boksi la makosa la kaka yake akaokota vibao viwili vikavu vilivyokataliwa kwa kuwa rangi zao hazikulingana, kimoja cheusi, kingine cha kahawia. Hakuna aliyemwuliza. Kila mmoja alidhani anachukua kuni.

Alifanyia kazi yake kwenye meza ya cherehani, mchana, kati ya pazia na pazia. Alikwaruza chuma, akapangusa kwa spiriti. Alitoboa kwa kupitia matundu, akachomeka pini. Alichanganya gundi kiasi sawa kama unga na maji ya chapati. Kwa kuwa hakuwa na vibanio, alibana kwa vibanio vya nguo vyote vya kambani, akaweka pasi ya mkaa juu, iliyopoa. Kesho yake akachonga kwa tupa, akikishika kila mara kana kwamba anakata kitu, akiondoa pale panapomsumbua mkononi na kuacha pale panapomkalia. Akasugua kwa msasa mnene, kisha wa kati, kisha laini. Akaulowesha mpini kidogo ili nyuzi za mbao zisimame, ulipokauka akazisugua zikalala, na safari hii zikalala moja kwa moja. Akapaka mafuta kwa ncha ya kidole, akafuta, akasubiri. Tambara akalitandaza kwenye kamba ya nguo.

Siku ya mpishi ikafika. Mpishi alikuja amevaa koti lake jipya jeupe, akaingia chumba cha mbele kuchukua mapazia, akauliza kisu. Milango miwili ikafunguka, au tuseme mlango mmoja na dirisha moja.

"Hiki hapa, mama," alisema Cheche.

"Hiki hapa," alisema Msasa.

"Viwili?" mpishi aliuliza. Akatazama huku na huku. "Haya. Leteni nyanya."

Akaanza na cha Msasa. Alipokishika, akafumba macho kama zamani, akatoa mguno wa raha. Akakata nyanya. Nyanya haikukatika, ililala chini, ikawa pana, kisha ikatoa mbegu. Akabonyeza zaidi, na bapa likainama taratibu kama mtu anayesalimia wakwe. Msasa akatazama viatu vyake.

Cheche akakohoa kwa furaha. Mpishi akachukua cha Cheche. Akatikisa kidogo tu, na nyanya ya pili ikawa vipande vyembamba, ukiviweka juu ya gazeti unalisoma. "Aa!" mpishi alisema. Akachukua kitunguu, akashusha kisu kwa nguvu, akainua mkono. Mkono ulipanda na mpini. Bapa lilibaki kwenye ubao, limesimama wima, linatetemeka. Mpishi akafungua kiganja. Mpini ulikuwa umemnata, na alipojaribu kuufutia kwenye koti, ukaacha doa la kahawia lenye uzi mmoja wa mistari.

Kutoka jikoni kukaja mlio mdogo, wa haraka, sawasawa, tak tak tak tak, wa mtu anayekata sukumawiki bila haraka ya kufika popote.

"Nani huyo?" mpishi aliuliza.

Wakaufuata mlio jikoni wote watatu. Mama Sindano alikuwa amewapa mgongo. Mpishi akanyoosha mkono bila kuomba, Mama Sindano akampa. Mpishi akakipima mkononi, akatazama upande mweusi na upande wa kahawia, akakata kipande kimoja, akakata cha pili.

"Nakitaka hiki," alisema.

"Hicho changu," alisema Mama Sindano, akakichukua.

"Amekifanya nani?"

Cheche alilitambua bapa lake. Msasa alivitambua vibao vyake. Wakafungua vinywa kwa pamoja, kila mmoja akitaka kusema mimi, wakatazamana, wakavifunga.

"Nimekifanya mimi," Mama Sindano alisema. "Nilikuwa napeleka salamu."

Mpishi alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema atangoja mpaka siku ya kufungua mgahawa, lakini kisu chake kitoke mkononi mwa mwanamke huyu na si kwingine, na visu vya wale mabwana wawili hatavichukua hata wakisema ni zawadi. Akabeba mapazia, akaondoka na doa lake.

Mama Sindano aliweka kisu kwenye meza.

"Nina aproni za kumaliza," aliwaambia, "na sina kifua cha kupiga nyundo. Kwa hiyo wewe utafua, na wewe utatafuta mbao kavu. Mkiwa na swali mtaulizana wenyewe. Atakayeniambia 'mwambie', nitamkatia mkono wa shati hata kama haujanata."

"Lakini rangi hizi mbili..." alianza Msasa.

"Nazipenda hivyo hivyo."

"Na mkwaruzo ule..." alianza Cheche.

"Upo wapi?"

Cheche akakiinua kisu kwenye mwanga, akakigeuza, akakigeuza tena. Akamwonyesha Msasa. Msasa akakikodolea macho, akasema hauoni. Wakakitoa nje juani, vichwa vimegusana, wakiutafuta, mmoja akisema ni pale karibu na mgongo, mwingine akisema pale ni kivuli cha pua yako, shemeji, hebu sogea.

Kisu cha mpishi kilikamilika siku moja kabla ya mgahawa kufunguliwa. Cheche alifua bapa lake, Msasa akachagua mbao, na wote wawili wakasimama nyuma ya kiti cha Mama Sindano alipokuwa anasugua mpini, wakimpa ushauri unaopingana, mpaka akawafukuza nje wote. Mpishi alikipokea, akakishika, macho wazi kabisa, akakata uzi uliokuwa unaning'inia kwenye aproni yake mpya. Kisha akasema anataka vingine, vidogo, vya wapishi wake.

Asubuhi iliyofuata Cheche aliingia karakana mapema, akakuta plaiwudi imeng'olewa, shemeji yake ameshafika, na mkewe amekaa juu ya kile kigoda anakagua vibao kimoja kimoja.

"Leo tunaanza na nini, fundi?" Cheche aliuliza. Msasa akageuka kumjibu, akaona hakuulizwa yeye, akajifanya anapiga chafya.

Mama Sindano aliweka kibao kimoja kulia, kingine kushoto.

"Leo," alisema, "tunaanza kwa kufagia."